Kazi Hugawanywa, Dhamana Haigawanyiki

Katika vyuo vinavyofundisha usanifu wa bidhaa, mwanafunzi hukutana na masomo mawili ambayo aghalabu hufundishwa kana kwamba hayajuani. La kwanza ni kufanya kazi kwa kikundi: wanafunzi wanne au watano hupewa kazi moja, hugawana majukumu, kisha hupewa alama kwa pamoja. La pili ni kusanifu bidhaa isiyoiumiza dunia: kuchagua malighafi inayoweza kutumika tena, kupunguza nishati, na kufikiria kifaa kitakwenda wapi siku kitakapoharibika. Masomo hayo yanapokutana katika kazi moja, huzuka swali ambalo si la kiufundi tena bali la kidini na la kifalsafa. Tukigawana kazi, je, tunagawana na dhamana? Watu watano wakisanifu chupa itakayobaki ardhini baada ya wajukuu wao kufa, kila mmoja anabeba sehemu moja ya tano ya jukumu hilo, au kila mmoja analibeba lote? Jibu ninalolitetea ni kwamba kazi inagawanyika lakini dhamana haigawanyiki, na kwamba mwanafunzi asiyefundishwa tofauti hiyo bado hajafundishwa kusanifu kwa kuhifadhi mazingira, hata akizijua aina zote za plastiki kwa majina yake.

Tuanze na namna madhara yanavyozaliwa. Ni rahisi kudhani kwamba bidhaa inayochafua dunia ni matunda ya mtu mwovu au mzembe. Mara nyingi sivyo. Tazama pakiti ya maziwa yanayodumu miezi kadhaa bila jokofu. Imeundwa kwa karatasi ngumu inayoipa umbo, matabaka ya plastiki yanayozuia majimaji, na utando mwembamba wa alumini unaokinga mwanga na hewa. Kila tabaka lina sababu yake njema, na kwa pamoja yanawezesha maziwa kufika kijijini pasipo umeme. Lakini matabaka hayo yakishagandishwa pamoja, kuyatenganisha kunahitaji mitambo maalumu ambayo miji mingi haina. Au tazama trei nyeusi ya plastiki ya kuwekea nyama. Mitambo mingi ya kuchambua taka huitambua plastiki kwa miale isiyoonekana na jicho, na rangi nyeusi ya masizi huifyonza miale hiyo, hivyo trei hupita mbele ya mtambo kana kwamba haipo. Aliyeichagua rangi alitaka nyama ipendeze machoni; habari za mtambo hazikuwa kazi yake. Simu nyingi nazo zimebandikwa betri kwa gundi ili ziwe nyembamba, na fundi wa mtaani hulazimika kuibandua kwa joto na hofu. Katika mifano yote hii hapana aliyekusudia ubaya. Ubaya umekaa pale uamuzi wa mmoja unapokutana na uamuzi wa mwenzake, na mahali hapo hapana mwenyewe. Mtu akiulizwa, ataonyesha sehemu yake kuwa ni safi, na atakuwa anasema kweli.

Wahenga waliujua udhaifu huu wa binadamu waliposema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunachokibeba wenyewe hutuelemea, alichokibeba mwenzetu hatukihisi. Katika kikundi cha wanafunzi methali hiyo huonekana mapema sana. Mmoja huchukua michoro, mmoja gharama, mmoja mfano wa kuonyesha, na mmoja hukabidhiwa sura ya mazingira. Tangu hapo mazingira huwa ni mzigo wake peke yake. Wengine huchagua gundi, rangi na skrubu kwa vigezo vyao, naye huja mwishoni kuandika kurasa mbili za kueleza jinsi kifaa kilichokwisha kuamuliwa kilivyo rafiki kwa mazingira. Kikundi kimegawana kazi vizuri, kimeheshimiana, hakikugombana, na kimeshindwa.

Dini zetu zimelifikiria jambo hili kwa kina kuliko vitabu vingi vya usanifu. Waislamu wanaijua Hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari kutoka kwa Nuuman bin Bashir, inayozungumzia watu waliopanda chombo kimoja na kupiga kura, wengine wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Walio chini kila walipotaka maji iliwabidi kupita kwa walio juu, wakaona afadhali watoboe tundu katika sehemu yao ili wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Hadithi hii husomwa sana kama onyo dhidi ya kuyanyamazia maovu, na ni kweli. Ila wale waliotaka kutoboa hawakuwa wahalifu. Walikuwa na haja ya kweli, yaani maji, na walikuwa na adabu, kwani walitaka kuwaondolea wenzao usumbufu. Hata dai lao kwamba ile ni sehemu yao lilikuwa na msingi, maana kura ilipigwa kwa haki. Kosa lao lilikuwa moja tu: walidhani mgawanyo wa nafasi ni mgawanyo wa hatima. Bahari haiitambui kura. Na walio juu nao hawakutoka bila wajibu. Kuushika mkono wa anayetoboa ni nusu ya kazi; nusu iliyobaki ni kutafuta namna maji yatakavyofika chini bila chombo kuzama. Hilo, kwa lugha ya chuo, ni tatizo la usanifu, na haliwezi kutatuliwa na wa juu peke yao wala wa chini peke yao.

Fikihi imetupa pia chombo cha kufikiria kilicho makini zaidi. Wanazuoni hutofautisha faradhi ya aini, inayomlazimu kila mtu binafsi kama vile sala tano, na faradhi ya kifaya, inayoilazimu jumuiya. Mfano unaojulikana na kila mtu mwambaoni ni wa maiti: kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika. Wakijitokeza wa kutosha wakafanya, wengine wameondokewa na wajibu. Asipojitokeza mtu, dhambi ni ya wote waliojua na kuweza. Kutunza mazingira ndani ya kikundi cha wasanifu kunafanana na faradhi ya namna hii, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Wanadhani wajibu umewaondokea kwa kuwa kuna aliyeteuliwa. Lakini katika faradhi ya kifaya uteuzi haumwondolei mtu kitu. Kinachouondoa wajibu ni kutekelezwa kwa jambo lenyewe kwa kiwango kinachotosha. Maiti ambaye jamaa zake wamechagua mzikaji, kisha mzikaji asije, bado yuko juu ya shingo za mji mzima. Vivyo hivyo, kikundi kilichomteua mtu wa mazingira, kisha kikatoa kifaa kisichofunguka wala kutengenezeka, hakijatimiza lolote, na kila mwanakikundi bado anadaiwa. Kwa hiyo kila mmoja ana wajibu mmoja asioweza kumwachia mwingine: kujua kama jambo limefanyika. Hahitaji kulifanya yeye, lakini kujua ni juu yake.

Ukristo unafika karibu na hapo kwa njia yake. Katika kitabu cha Mwanzo mwanadamu anawekwa bustanini kuilima na kuitunza, amri mbili katika pumzi moja, kana kwamba kulima pasipo kutunza si kulima. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alisisitiza kwamba mgogoro wa mazingira na mgogoro wa kijamii ni mgogoro mmoja. Katika falsafa, Hans Jonas, mwanafikra mzaliwa wa Ujerumani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wajibu kwamba maadili ya kale yalijengwa kwa ajili ya watu wanaoonana: anayetenda na anayetendewa wako karibu kwa mahali na kwa wakati. Teknolojia imeurefusha mkono wa binadamu hadi kwa watu ambao hawajazaliwa, na maadili hayana budi kuufuata mkono huo. Hoja ya Jonas ni nzito, ila inaacha pengo ambalo kazi ya kikundi inaweza kuliziba. Mtu atajifunzaje kuwajibika kwa wasiozaliwa, ambao hawezi kuwaona wala kuwasikia? Naamini anaanza kwa kuwajibika kwa mwenzake wa mezani. Anayeweza kuuacha mshono mbovu kwa sababu utamwangukia mwenzake wiki ijayo hatashindwa kuuacha mshono mbovu utakaomwangukia mtu asiyemjua miaka mia ijayo. Tabia ni ile ile.

Hata hivyo, ushirikiano peke yake si wema, na historia ya usanifu inatupa ushahidi mkali. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa taa za umeme, miongoni mwao Osram ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi na kampuni zilizoshirikiana na General Electric ya Marekani, walikubaliana mjini Geneva kugawana masoko na kuweka kikomo cha umri wa balbu: saa 1,000, ilhali balbu nyingi za wakati huo zilidumu saa nyingi zaidi. Balbu zilipimwa maabara, na kampuni ambayo balbu zake zilidumu kupita kiasi ilitozwa faini. Ilihitaji wahandisi stadi, vipimo makini, kumbukumbu zilizotunzwa na uaminifu kati ya washirika ili kuifanya bidhaa iwe duni kuliko ilivyoweza kuwa. Watetezi wa mapatano hayo walikuwa na hoja moja ya haki: balbu ya namna ile ikirefushiwa umri, hutoa mwanga hafifu kwa umeme ule ule. Lakini hoja hiyo ingetosha kama wanunuzi wangeachiwa wachague. Faini hizo zinaonyesha kwamba faida ilikuwa ndiyo dira. Funzo kwa mwanafunzi ni kwamba kikundi kinaweza kuwa na sifa zote zinazosifiwa darasani, yaani kusikilizana, kutimiza ahadi, kugawana kazi, na bado kikaelekeza sifa hizo kwenye uharibifu. Kwa hiyo hatuwezi kuwapa wanafunzi alama za ushirikiano bila kuuliza wanashirikiana kwa ajili ya nini na mbele ya nani.

Upande wa pili tunayo historia iliyo karibu na nyumbani. Jiko la bati tupu, lililotumika mijini Afrika Mashariki kwa miongo mingi, lilipoteza joto jingi kupitia ubavu wake. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu uliofanyika Nairobi mwaka 1981, juhudi za kulitengeneza upya zilishika kasi, na mbunifu Mkenya Max Kinyanjui akachota fikra kutoka jiko la ndoo la Thailand. Lakini jiko la Thailand halikuhamishwa lilivyo. Lilipitia kwa mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo jijini Nairobi, ambao walijua bati linakunjika vipi na gharama gani mteja hawezi kuivuka. Kwa wafinyanzi, ambao walijua udongo gani unahimili moto. Na kwa wanawake wapishi, ambao walijua kinachotokea mtu anaposonga ugali juu ya jiko lisilotulia. Kilichotoka ni jiko lenye kiuno, pana juu na pana chini, lenye kigae cha udongo wa kuchoma sehemu ya juu tu, pale mkaa unapowaka. Lilipotengenezwa vizuri, taarifa nyingi zilitaja kwamba liliokoa kati ya asilimia 30 na 50 ya mkaa, na umbo lake lilienea hadi Uganda, Tanzania na kwingineko.

Jiko hilo lina somo jingine ambalo husimuliwa mara chache. Utengenezaji wake uligawanywa: mfinyanzi alifinyanga kigae, mhunzi alikata bati, mwingine aliunganisha, mwingine akauza. Jiko lilipopendwa, waigaji wakatokea, na vigae vya udongo uliochanganywa au kuchomwa ovyo vikaanza kupasuka mapema. Kigae kikipasuka, akiba ya mkaa huondoka nacho, hata kama bati limekatwa kwa ustadi wa hali ya juu. Mhunzi aliyenunua kigae hafifu kwa sababu ni cha bei nafuu hakuweza kujitetea kwamba kazi yake ni bati. Mama aliyelinunua jiko hakununua bati. Alinunua kupungua kwa mkaa. Msitu nao hauhesabu sehemu, unahesabu magunia. Maana ya dhamana kutogawanyika ni hiyo: anayepokea madhara huyapokea mazima, hivyo hawezi kujibiwa kwa vipande.

Kuna mapingamizi ambayo mtu makini atayatoa. La kwanza ni la wahenga wenyewe: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ikiwa kila mmoja anawajibika kwa yote, kila mmoja atataka kuamua yote, na kazi haitakwisha. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linachanganya mambo mawili, mamlaka na dhamana. Mamlaka lazima yagawanywe. Mtu wa gharama awe na neno la mwisho kuhusu gharama, na wa michoro kuhusu michoro. Dhamana haimpi mtu haki ya kumwamulia mwenzake. Inampa wajibu wa kuuliza na kumlazimisha mwenzake kujibu: gundi hii itafunguka vipi, rangi hii itachambuliwa na nani, sehemu hii ikivunjika itapatikana wapi? Baharia anayepaza sauti kwamba maji yanaingia hajawa nahodha, na nahodha anayemsikiliza hajapoteza cheo.

Pingamizi la pili ni la haki. Si uonevu kumtia lawamani mwanafunzi mwenye bidii kwa uzembe wa mwenziwe? Si uonevu zaidi kumbebesha kijana asiye na sauti kiwandani madhara yanayoamuliwa na wenye mitaji? Ingekuwa uonevu kama dhamana ingekuwa ni lawama. Lawama hupimwa kwa alichokijua mtu na alichoweza kukifanya, ndiyo maana fikihi haiwatii hatiani wasiojua wala wasioweza. Dhamana inaangalia mbele: nani atajibu, nani atarekebisha? Lamu imetupa mfano hai. Mwaka 2018 lilizinduliwa huko dau liitwalo Flipflopi, lililojengwa chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyookotwa na kuchakatwa upya, na ubavu wake ukavikwa kandambili zilizokusanywa kutoka fukweni. Mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Mafundi wale hawakuzitengeneza kandambili zile wala hawakuzitupa. Hapakuwa na lawama juu yao, na bado waliichukua dhamana. Dau moja halisafishi bahari, lakini linathibitisha kwamba mtu anaweza kuwajibika kwa jambo asilolisababisha, na tena kwa hiari. Basi mwanafunzi anaweza kuwajibika zaidi kwa jambo ambalo mkono wake umo. Asiye na sauti kiwandani leo anaweza angalau kujua, kusema, na kuandika alichosema. Kesho akipata sauti, atakuwa amekwisha kujifunza kuitumia.

Pingamizi la tatu huwagusa wengi wetu zaidi: kwamba haya ni maadili ya matajiri, na nchi zenye njaa ya viwanda zinahitaji bidhaa za bei nafuu kwanza. Ni kweli kwamba nchi zilizoendelea viwanda mapema zimechafua zaidi, na dai la haki dhidi yao halijafutika. Lakini tuangalie taka inaishia kwa nani. Mifuko ya plastiki iliziba mitaro ya mitaa ya watu wa kipato kidogo na kuua mifugo ya watu wasio na ng'ombe wa akiba, mpaka Rwanda ikaipiga marufuku mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Sheria hizo zilikuja baada ya madhara, na gharama ya kuchelewa ililipwa na walio chini. Bidhaa rahisi isiyotengenezeka ni rahisi siku ya kununua tu. Maskini huinunua tena na tena. Jiko lenye kigae lilipendwa kwa kuwa lilipunguza pesa za mkaa, si kwa kuwa wapishi walihubiriwa kuhusu misitu. Na kwa uaminifu tuseme kwamba hata jiko hilo bado linachoma mkaa: dhamana ya waliolibuni haikuisha liliposifiwa, bali inawadai warithi wao kuendelea hadi kwenye nishati iliyo safi zaidi.

Kama hoja hii ni sahihi, basi namna ya kufundisha lazima ibadilike. Sura ya mazingira iliyotengwa iondolewe katika ripoti za wanafunzi, na badala yake kila uamuzi, uwe wa gundi, rangi au bei, ueleze mahali utakapofikia. Siku ya kutetea kazi, kila mwanakikundi aulizwe kuhusu sehemu isiyokuwa yake, na asiyeweza kujibu ahesabiwe kuwa hajaimaliza kazi. Mapingamizi yaliyotolewa kikundini yaandikwe pamoja na majibu yake, ili kunyamaza kusiwe ndiyo njia rahisi. Kifaa kipelekwe kwa fundi wa mtaani akifungue kwa zana zake za kawaida, na kwa mwokota taka aseme kama atakiokota au atakiacha. Hao wawili ni sehemu ya kikundi, hata kama hawamo katika orodha ya darasa. Uislamu na Ukristo vinafundisha kwamba kila nafsi itatoa hesabu yake peke yake. Fundisho hilo lingekuwa jepesi kama tungefanya kazi peke yetu. Uzito wake ni kwamba tutaulizwa mmoja mmoja kuhusu mambo tuliyoyafanya wengi. Mwanafunzi anayezoea tangu chuoni kujibu kwa kauli yake mwenyewe kuhusu kazi nzima ya kikundi chake atakuwa msanifu ambaye dunia inaweza kumkabidhi kazi zake, na kumlea mtu wa namna hiyo kuna thamani zaidi kuliko bidhaa yoyote atakayoitengeneza akiwa darasani.